Nuru Hii ni ya Nani? Kuitafuta Maada Nyeusi Katika Miale ya Gama

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi, walimu na watu wengine wanaopenda elimu ya nyota. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliotaka kuja wakashindwa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi na ndugu zangu wote mliofika jioni hii, hamjambo.

Naanza na swali, na nawaomba mlishike mpaka tutakapoachana. Usiku hauna mwezi. Umekaa nje, na kwa mbali unaona taa inapita. Aliyeishika humwoni. Utamjuaje? Utatazama taa iko juu kiasi gani kutoka ardhini, mwendo wake ni wa haraka au wa kunyata, mwanga wake ni mwekundu au mweupe, na inapita njia ipi. Kama mtu wako unamfahamu vizuri, huenda ukasema: ni yeye. Lakini je, kama kwenye njia hiyo kuna taa nyingine elfu, na nyingi zinayumba vilevile?

Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuwaeleza leo. Kuna kitu kimejaa ulimwenguni, kizito kuliko nyota zote na mawingu yote ya gesi yakijumlishwa, na hakuna aliyewahi kukiona. Wanafizikia wengi wanashuku kwamba mara mojamoja chembe zake mbili zikigongana hutoa cheche ya nuru kali mno, nuru tunayoiita miale ya gama. Tumepeleka darubini angani kuitafuta. Na nuru tumeiona, ndugu zangu. Tumeiona tele! Linalotukosesha usingizi ni swali moja tu: nuru hii ni ya nani?

Kwanza nisimulie tulijuaje kwamba kuna kitu cha kutafuta.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi California, alikokotoa kasi za galaksi zilizo katika kundi liitwalo Coma. Zilikuwa zinakwenda mbio mno. Kwa uzito wa nyota zilizoonekana, kundi lile lingekuwa limeshatawanyika zamani. Zwicky akasema lazima kuna maada nyingine, isiyoonekana, inayozifunga pamoja kwa mvutano wake. Akaiita maada nyeusi. Wenzake walimsikia, wakaliweka jambo hilo kando, likakaa kando karibu miaka 40.

Ndipo akaja Vera Rubin. Mama huyu alianza kazi wakati ambapo darubini kubwa za kituo cha Palomar, California, hazikuwa rasmi mahali pa wanawake. Mwaka 1965 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa ruhusa rasmi ya kuzitumia. Akashirikiana na Kent Ford, aliyekuwa ametengeneza kifaa cha kukuza mwanga hafifu, wakaielekea galaksi ya Andromeda. Sasa sikilizeni alichotarajia. Katika mfumo wetu wa jua, Utaridi, sayari iliyo karibu kabisa na jua, hukimbia kilomita 47 kwa sekunde. Dunia hukimbia 30. Neptuni, iliyo mbali kabisa, hujikokota kilomita 5 na kidogo. Ukikaa mbali na kilicho kizito, mvutano hupungua na mwendo wako hupungua. Kwa hiyo nyota za pembezoni mwa Andromeda zilipaswa kujikokota.

Hazikujikokota. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1970 yalionyesha za pembezoni zikienda kwa kasi ileile karibu sawa na za ndani. Rubin na wenzake wakapima galaksi nyingine: vilevile. Nyingine tena: vilevile. Nyingine tena, na tena, vilevile!

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hapa tuna asiyeonekana, na lake liko kila mahali. Vipimo vya setilaiti ya Planck vinatuambia kwamba maada ya kawaida, yaani nyota, gesi, sayari, mimi na wewe, ni asilimia 5 hivi tu ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Maada nyeusi ni asilimia 27 hivi. Kwa kila kilo moja ya kitu unachoweza kukigusa, kuna kilo zaidi ya tano za kitu hiki. Na jina lenyewe linapotosha kidogo. Kitu cheusi hukinga nuru, hutupa kivuli. Maada hii haikingi chochote. Nuru inapita ndani yake kama vile haipo. Ni wazi kuliko kioo chochote. Tungeiitaje vizuri zaidi, sijui, lakini mkilisikia neno "nyeusi" msifikirie masizi.

Sasa, kwa nini miale ya gama?

Sababu iko katika dhana moja inayopendwa sana, na naomba mkumbuke kwamba ni dhana. Inasema maada nyeusi ni chembe nzito, pengine nzito kuliko protoni mara kumi, mara mia, hata mara elfu, ambazo karibu hazijishughulishi na chochote. Lakini zikigongana zenyewe kwa zenyewe huangamizana. Masi yake inageuka nishati, inazaa chembe nyingine za kawaida, ambazo nazo zinasambaratika, na mwisho wa mnyororo huo zinatoka fotoni za gama, yaani chembe za hiyo nuru kali. Fotoni ya mwanga tunaousomea ina nishati ya elektronivolti 2 hivi, hicho kikiwa kipimo cha nishati ya chembe. Hizi zinahesabiwa kwa mabilioni ya elektronivolti.

Kugongana kunahitaji wawili, na hapo pana hesabu muhimu. Ukiusongamanisha umati maradufu, migongano haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne. Ukiusongamanisha mara kumi, migongano ni mara mia. Kwa hiyo hatutafuti popote. Tunatafuta pale ambapo maada nyeusi imejazana.

Na fotoni ina sifa moja ninayoipenda kuliko zote: haina chaji. Chembe zenye chaji, zikisafiri kati ya nyota, zinapindwa na nyuga za sumaku huku na kule, zikitufikia ni kama barua ambayo mvua imefuta anwani ya mtumaji. Fotoni inakuja moja kwa moja. Ukiinasa, unajua imetoka upande upi wa anga.

Tatizo ni kuinasa. Angahewa huizuia, na uhai wetu unategemea kuzuiwa huko. Tukitaka kuiona yenyewe, ni lazima tutoke nje ya hewa. Aprili 1961 setilaiti ndogo iitwayo Explorer 11 ilirushwa ikiwa na darubini ya kwanza ya gama kufika angani. Walioisimamia, William Kraushaar na George Clark, walikuwa na chombo kinachobiringika angani polepole, kikichungulia popote kinapogeukia. Kikarekodi chembe za mionzi ya anga, zile zenye chaji zinazozagaa kati ya nyota, zipatazo 22,000. Mnajua pamoja na hizo walipata miale ya gama mingapi? Ishirini na miwili. Miale 22 kutoka anga lote! Watu hao wakaketi, wakaipitia mmoja mmoja, wakaandika. Mimi nawaheshimu sana, kwa sababu kila tunachokifanya leo kimesimama juu ya uvumilivu ule.

Tarehe 11 Juni 2008 ikarushwa Fermi. Hii ndiyo darubini nitakayoitaja mpaka mtachoka. Haina lenzi wala kioo, kwa maana miale ya gama hupenya kioo bila kupinda. Ndani yake mna mabamba membamba ya tungsteni yaliyopangwa kwa tabaka. Fotoni ya gama ikigonga bamba, inatoweka, na mahali pake zinazaliwa chembe mbili: elektroni na mwenzake wa chaji kinyume, positroni. Tabaka za silikoni zinafuata nyayo za pacha hao, na ukizirudisha nyuma nyayo hizo unajua fotoni ilitoka wapi. Chini yake kuna fuwele nzito zinazomeza pacha hao na kupima nishati yao. Na chombo chote kimefunikwa ngao inayopiga kelele kila inapopitwa na chembe yenye chaji, ili tusiwachanganye wageni. Fermi inaona sehemu moja ya tano ya anga kwa mpigo, na kila baada ya saa tatu inakuwa imelipitia anga zima. Ramani yake sasa ina vyanzo zaidi ya 7,000. Zaidi ya robo ya hivyo, hatujui ni nini.

Rudini kwenye taa gizani. Tumeshapata macho. Sasa tutamtambuaje mtu wetu?

Kuna alama moja ambayo tungeipata tungelala usingizi mzito. Kama chembe mbili za maada nyeusi zikigongana zinageuka moja kwa moja kuwa fotoni mbili, basi kila fotoni itabeba nishati ile ile, sawasawa na masi ya chembe. Ukichora grafu utaona mstari mmoja mwembamba umesimama peke yake. Hakuna nyota wala shimo jeusi tunalolijua linaloweza kuchora mstari kama huo kwenye nishati kubwa hivyo. Ingekuwa kama mtu amepita gizani akitaja jina lake.

Mwaka 2012 mstari ukaonekana. Christoph Weniger, akitumia data za Fermi ambazo ziko wazi kwa kila mtu, alikuta fotoni zimezidi kwenye elektronivolti bilioni 130, kutoka upande wa katikati ya galaksi yetu. Mnaweza kufikiria joto lililofuata. Makala zilimiminika, mwezi baada ya mwezi. Lakini wengine wakauliza swali la kawaida kabisa: je, mstari huu unaonekana mahali ambapo haupaswi kuonekana? Wakatazama ukingo wa Dunia. Mionzi ya anga ikigonga angahewa yetu hutoa miale ya gama kwa wingi, na hapo hakuna maada nyeusi ya kutosha kuchora chochote. Nako dalili za mstari zikaonekana. Ikaanza kunuka kasoro ya chombo. Timu ya Fermi ikazichakata upya data zote, ikaongeza za miaka mingine, na kufikia mwaka 2015 mstari ulikuwa umefifia hadi kuwa si kitu.

Hakuna aliyedanganya, ndugu zangu. Nataka hilo lieleweke, hasa na ninyi wanafunzi. Weniger alifanya kazi safi, aliandika kwa tahadhari, na data zilizokuja baadaye zikatoa jibu. Dalili ya mvua ni mawingu, ndiyo. Na yapo mawingu yanayopita tu.

Twende sasa katikati ya galaksi, kwenye buruji ya Kausi, miaka ya nuru 26,000 kutoka hapa tulipo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye ugomvi mkubwa.

Mwaka 2009 Lisa Goodenough na Dan Hooper walichukua data za mwanzo za Fermi wakafanya jambo ambalo kwa maneno ni rahisi. Fikirini ukumbi huu ukiwa na kelele. Ondoa sauti ya kila mtu unayemfahamu. Ondoa mvumo wa feni. Ondoa mwangwi wa kuta. Kisha sikiliza kama kuna kilichobaki. Wao waliondoa nuru ya mionzi ya anga inayogonga gesi, wakaondoa vyanzo vinavyojulikana, na kikabaki kitu. Mng'ao. Ziada. Wengine wakarudia kwa data nyingi zaidi na ziada ikabaki palepale. Ina nguvu zaidi kwenye elektronivolti bilioni 1 hadi 3. Imetanda kuzunguka kitovu cha galaksi, ikipungua kadiri unavyotoka nje, hadi nyuzi 10 na zaidi. Mwezi mpevu una upana wa nusu nyuzi, kwa hiyo pangeni miezi 20 kwa mstari kutoka katikati, na mng'ao bado unafika.

Na inalingana. Chembe yenye masi ya protoni arobaini na kitu ingetoa mng'ao wa sura hii. Zaidi ya hapo, kiwango cha migongano kinachohitajika ni kilekile ambacho, tangu enzi za mwanzo za ulimwengu, kingeacha kiasi cha maada nyeusi tunachokipima leo. Hesabu mbili zilizoanzia mbali zimekutana. Niliposoma jambo hili mara ya kwanza mwili ulinisisimka, na hata leo nikilieleza unanisisimka.

Basi si tumeipata? Kwa nini hatujapiga vigelegele?

Kwa sababu kuna jirani mwenye taa inayofanana. Nyota kubwa ikifa huweza kuacha kiini cha nyutroni, kizito kama jua letu au zaidi, kilichobanwa kwenye upana wa kilomita 20 na kitu. Vingine huzunguka mamia ya mara kwa sekunde moja. Hizo ni pulsa za milisekunde, na hutoa miale ya gama. Nishati gani? Elektronivolti bilioni chache, palepale ziada yetu ilipo! Katikati ya galaksi pamejaa nyota kongwe, na penye nyota kongwe pulsa hizi zinatarajiwa. Elfu kadhaa za pulsa zilizo hafifu mno kuonekana moja moja zingetosha kutoa mng'ao wote ule.

Kuna mtu mmoja ambaye kazi yake inaonyesha ugomvi huu vizuri kuliko maelezo yangu. Anaitwa Tracy Slatyer. Mwaka 2010 yeye, Meng Su na Douglas Finkbeiner walikuwa wakifuatilia ukungu wa nuru kuzunguka katikati ya galaksi, ukungu ambao baadhi ya watu waliushuku kuwa wa maada nyeusi. Walichokuta ni viputo viwili vikubwa ajabu, kimoja juu ya galaksi na kimoja chini, kila kimoja kikifika miaka ya nuru 25,000. Kingo zake ni kali. Maada nyeusi ingefifia taratibu, haina kingo kama hizo. Kwa hiyo viputo ni vya kitu kingine, pengine shimo jeusi la katikati lilipofoka zamani. Walitafuta hiki wakapata kile, na walichopata ni miongoni mwa uvumbuzi mkubwa wa Fermi.

Kisha mwaka 2016 Slatyer alikuwamo katika kundi lililobuni njia ya kutenganisha pulsa na maada nyeusi. Tazameni kioo cha dirisha asubuhi. Ukungu ukikitanda, weupe wake ni laini, sawasawa. Manyunyu yakikipiga, ukisogea utaona matone. Maada nyeusi ni ukungu. Pulsa ni matone. Wakapima jinsi fotoni zilivyojikusanya, wakaona matone. Kundi jingine, kwa njia tofauti, likasema hivyohivyo mwaka uleule. Wengi wetu tukaamini shauri limekwisha.

Miaka mitatu baadaye Slatyer, pamoja na Rebecca Leane, alirudi kuijaribu njia ile aliyoshiriki kuibuni. Walichofanya ni hiki: walichukua data halisi, wakapandikiza ndani yake ishara ya bandia ya maada nyeusi, ya ukungu mtupu. Kisha wakakiuliza kipimo: kuna ukungu? Kipimo kikajibu: hapana, ni matone. Ishara waliyoiweka kwa mikono yao, kipimo kikaikana! Hii haikuthibitisha kwamba ziada ni maada nyeusi. Ilionyesha kwamba kipimo chenyewe kinaweza kupotea njia, kwa sababu ramani zetu za gesi ya galaksi si kamilifu. Ni watu wangapi wangerudi kuchimba msingi wa nyumba waliyoijenga wenyewe?

Nina kisa changu kidogo hapa. Nilipokuwa mwanafunzi nilikaa majuma matatu na doa la gama lililokuwa juu kabisa, mbali na mkanda wa Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, mahali nilipoamini hapana kitu. Niliondoa vyanzo vyote vya katalogi, yaani orodha ya vyanzo vinavyojulikana, doa likabaki. Siku niliyolipanga kwa tarehe, badala ya kulijumlisha la mwaka mzima, nikaona limetoka karibu lote ndani ya siku chache. Lilikuwa galaksi ya mbali yenye shimo jeusi linalorusha mkondo kuelekea kwetu, na shimo lile lilikuwa limewaka ghafla. Katalogi ilikuwa na wastani wake, nami nikaondoa wastani, mlipuko ukabaki. Maada nyeusi haiwaki na kuzima. Tangu siku hiyo nikipata doa naanza na tarehe.

Ugomvi wa katikati bado unaendelea. Wapo wanaosema sura ya mng'ao inafuata uvimbe wa nyota kongwe, jambo ambalo lingekuwa ushahidi wa pulsa. Wapo wanaosema ni duara. Jibu linabadilika kutegemea ramani ya gesi unayoanza nayo. Njia ya uhakika ni kuzisaka pulsa zenyewe kwa darubini za redio, moja moja, kwa jina na mahali. MeerKAT ya Afrika Kusini imeshaonyesha uwezo mkubwa wa kazi hiyo, na SKA inayojengwa Afrika Kusini na Australia itakuwa na uwezo zaidi. Wakizipata kwa mamia pale zinapohitajika kuwa, mimi nitakubali.

Mkiniuliza leo, naelemea upande wa pulsa. Sababu yangu ni kimya.

Njia Nyeupe yetu inazungukwa na galaksi ndogondogo: Draco, Sculptor, Segue 1 na nyingine nyingi. Segue 1 ina nyota chache mno, unaweza kukosa kuitambua kama galaksi. Lakini kasi za nyota zake zinasema kuna uzito mkubwa umejificha ndani yake. Uzito wake ukiulinganisha na nuru yake, unazidi ule wa jua letu kwa mara maelfu. Karibu yote ni maada nyeusi. Gesi hakuna ya kutajika. Nyota changa hakuna. Pulsa hazitarajiwi ila chache mno. Ni nyumba isiyo na mpangaji mwingine. Ukiona taa ndani ya nyumba hiyo, huna haja ya kuuliza ni ya nani!

Fermi imezitazama nyumba hizo tangu iliporushwa. Mwaka 2015 ilitolewa tathmini ya galaksi 15, data za miaka sita. Taa haikuonekana. Na kimya hicho kina uzito: kinatuambia kwamba kama chembe za maada nyeusi zinaangamizana kwa kiwango kile rahisi cha enzi za mwanzo, kwa njia za kawaida walizozipima, basi masi yake si chini ya elektronivolti bilioni 100 hivi, yaani kama protoni mia moja. Ile chembe ya protoni arobaini ya katikati ya galaksi inabanwa hapo. Haijafukuzwa kabisa, kwa kuwa hatujui kwa uhakika maada nyeusi imejipangaje ndani ya galaksi hizi, lakini inabanwa.

Kama ni nzito zaidi, je? Hapo Fermi inachoka, kwa sababu fotoni za nishati kubwa sana ni adimu na chombo chake ni kidogo. Ndipo ile angahewa iliyotuzuia inageuka kuwa chombo chetu. Fotoni kali ikigonga hewa juu, huzaa mvua ya chembe, na chembe hizo hutoa mmweko wa buluu unaodumu sehemu chache tu za bilioni za sekunde moja. Kwenye nyanda za juu za Khomas, Namibia, zimesimama darubini tano za H.E.S.S. zinazokamata mmweko huo. Zimepewa jina la Victor Hess, aliyepanda kwa puto mwaka 1912 hadi mita zaidi ya 5,000 na kugundua kwamba mionzi inaongezeka ukipanda, maana yake inatoka angani. Kusini mwa ikweta katikati ya galaksi inapita juu ya kichwa, kwa hiyo Namibia ni mahali bora. Mwaka 2022 timu ya H.E.S.S. ilitangaza matokeo ya saa 546 za kutazama huko. Maada nyeusi haikuonekana, na mipaka waliyoweka kwa chembe nzito ni miongoni mwa mikali kuliko yote.

Na juzijuzi tu, Novemba 2025, Tomonori Totani wa Chuo Kikuu cha Tokyo alichapisha uchambuzi wa data za Fermi za miaka 15. Aliuziba mkanda wa galaksi wenye fujo, akatazama pembeni, akasema anaona ziada kwenye elektronivolti bilioni 20 hivi, imetanda kama halo, yaani tufe kubwa la maada nyeusi linaloizunguka galaksi, ikilingana na chembe nzito kuliko protoni mara mia tano hivi. Simu yangu haikupumzika juma lile. Je, ndiyo yenyewe? Kiwango cha migongano anachokihitaji ni kikubwa kuliko kile ambacho kimya cha galaksi ndogo kinaruhusu, isipokuwa makadirio yetu ya galaksi hizo au ya halo yetu yana makosa. Yeye mwenyewe ametaka wengine waithibitishe. Kwa hiyo tunafanya tulichofanya kwa mstari wa 2012. Tunatazama mahali ambapo haipaswi kuwepo. Tunabadilisha ramani ya gesi. Tunapandikiza ishara ya bandia na kuona kama kipimo kitaitambua.

Nimalizie na kinachokuja. La Palma na jangwani kule Chile panajengwa darubini za CTAO, zaidi ya 60 kwa pande zote mbili, zitakazofanya kazi ya H.E.S.S. kwa macho makali zaidi. Na hukohuko Chile, Juni 2025, kituo kipya cha uchunguzi kilitoa picha zake za kwanza. Kinaitwa kwa jina la Vera Rubin. Kitapiga picha anga la kusini tena na tena kwa miaka kumi, na miongoni mwa vitu kitakavyovipata ni galaksi ndogo hafifu ambazo hakuna aliyezijua, nyumba mpya zisizo na mpangaji.

Sasa fikirini jambo hili. Fermi imekuwa ikilipitia anga zima kila saa tatu tangu 2008. Kila galaksi ndogo ambayo kituo cha Rubin kitaivumbua mwaka ujao, au mwaka wa kumi, Fermi imeshaitazama tayari, bila kujua ipo. Kama ilitoa fotoni mbili, tatu, kumi, zimo kwenye hifadhi pamoja na nyingine zote, tarehe yake na nishati yake vimeandikwa. Tunachongoja ni anwani tu.

Hifadhi hiyo iko wazi. Mwanafunzi yeyote humu mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuipakua usiku huu. Nitabaki hapa mpaka taa zizimwe kwa yeyote anayetaka nimwonyeshe pa kuanzia. Sasa nipeni maswali. Naona mkono kule nyuma.